Hesabu Nyuma ya Bahasha

Mezani kwetu, Aurora, sahani za wali hazijaondolewa.
Makame kageuza bahasha ya bili ya gesi
apige hesabu mgongoni mwake.
Watu watatu, anaandika. Siku tatu.
Kisha anapuliza chai kama anayezima taa.

Raya kaleta orodha yake, kwa kalamu ya kijani:
miwani ya theluji (ya waridi, si nyeusi),
kofia ngumu, glavu, chokoleti ya moto yenye povu,
na mwalimu wa kuteleza "asiye na haraka".
Ana miaka tisa. Darasani kwao
wamebaki wawili ambao hawajaonja skii,
yeye na mtoto aliyevunjika mguu.

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga.
Hawakusema ni dola ngapi.
Tiketi ya lifti, mtu mmoja, siku moja:
Makame anaisoma mara mbili,
anatafuta nukta anayodhani imepotea,
haioni.
"Kwa bei hii," anasema, "mlima tunaupanda
au tunaandikishiwa hati yake?"

Mimi nimenyamaza.
Vail naijua kwa upande wa jikoni.
Basi la saa kumi alfajiri kutoka Leadville,
sote tumelala tumekaa, vichwa vinagonga vioo,
hadi kwenye kijiji kile cha mapaa ya mbao na mnara wa saa,
ambako njia za mawe zinapashwa moto kwa chini
ili viatu vya manyoya visilowe.
Zile njia zilikuwa na joto kuliko chumba chetu.
Kuna asubuhi nilisimama tu pale, dakika mbili,
nikijifanya nafunga kamba.

Majira matatu ya baridi nilikunja taulo,
nikazipinda shingo zikawa bata maji,
vyumba kumi na sita kwa zamu.
Mlima niliuona katika vioo nilivyovifuta.
Kama usiku kumeanguka theluji mpya
nilijulia kwenye zulia,
kwa madimbwi waliyoyaacha.

Makame anakata.
Siku ya tatu, mstari.
Chumba kinachotazama mlima, mstari:
tutatazama maegesho, nayo yana theluji vilevile.
Mgahawa, mstari, tutabeba sambusa.
Suruali za baridi tutaazima kwa Bi Rukia wa ghorofa ya pili,
mwanawe kesharefuka.
Kalamu inafika kwenye mwandiko wangu,
pale chini, karibu na gundi ya bahasha:
*mtandika kitanda, ishirini kila asubuhi.*
"Na hii?"
"Hiyo ndiyo ya kwanza," nikamwambia. "Ukitaka kata mlima."

Akanitazama. Hakukata kitu.
Raya akauliza kama bata wa taulo unaruhusiwa kwenda naye nyumbani.
Nikasema bata ukimnyanyua tu anakuwa taulo.
Hakuniamini, na sikutaka aniamini.

Kesho yake, mapumziko ya mchana,
napiga simu nikiwa ndani ya gari.
Sauti ya kijana, nyororo kama shuka iliyopigwa pasi ingali mbichi,
inauliza tarehe, inauliza vitanda vingapi,
inauliza kama tuna mtoto, na kama mtoto ana mzio wa manyoya.
Najibu vizuri. Najibu haraka kuliko anavyouliza.
Najua hata chumba gani bomba lake linalia usiku,
namwomba asitupe hicho.
Anacheka kidogo, kwa adabu.
"Kumbe umewahi kulala kwetu, mama?"

Kioo cha gari kimejaa ukungu wa pumzi yangu.
Kidole kimeshachora shingo,
kinatafuta pa kuanzia mbawa.

"Kulala," namwambia,
"bado."