Kilo Mbili za Sukari

Miaka minne namjua kwa pipa lake la taka.
Alhamisi hulitoa kabla hakujakucha,
mpini ukielekea ukutani, kama kanuni zinavyotaka.
Nami hulitoa langu, mpini ukielekea ukutani.
Kati yetu uzio wa mbao
na theluji ambayo kila mmoja huikwangua hadi mpakani,
hazidishi hata unene wa kidole.
Nyumba ishirini na sita, zote rangi ya uji wa ulezi.
Usiku wa kwanza Athumani alitia ufunguo mlango usio wetu.

Sasa Athumani kapata kazi Wexmoor,
mwendo wa saa tatu mashariki ya Calgary.
Mafundi wa matrekta huko wamezeeka wote kwa pamoja.
Jumamosi tukaenda kupaona.
Barabara moja. Taa moja ya kuongozea magari, nayo imekufa.
Ghala la ngano limesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta.
Mwenye duka akaniambia, kabla sijafungua kinywa,
"Nyie ndio wale wa nyumba ya kina Halvorsen."
Hatukuwa tumeinunua. Hata kuiona, bado.
Akampa Mwanakombo peremende, akakataa senti zake.
Mama wa posta akaleta mkate wa ndizi
ungali wa moto, umeviringwa taulo,
akauliza tunasali siku gani,
akauliza mume wangu anakula nini,
nikawa kama sanduku lililofunguliwa forodhani:
hakuna ubaya, ila kila kitu kiko mezani.

Nyumba ya kina Halvorsen ina vyumba vitano,
na bei yake haifiki nusu ya hii yetu.
Mwanakombo alikimbia uani mpaka akawa kitone.
Sijapata kumwona mwanangu mdogo vile,
wala mwenye furaha vile.

Njiani Athumani hakufunga mdomo:
kuku, bustani ya mchicha, deni kwisha.
Mpanda farasi wawili, nikamkumbusha.
"Mmoja nimeshamshuka," akasema, akacheka.
Ndipo likanitoka swali nisilojua kama ninalo:
"Nikifa Januari, nani ataniosha?"

Kilomita arobaini, kimya.
Yule mama wa posta angekuja, sina shaka,
na mkate wake, na taulo safi.
Lakini asingejua aanzie mkono gani.
Huku msikiti wetu ulikuwa duka la mazulia,
nusu saa kwa gari, na bado unanuka gundi,
ila yupo Bi Zamzam, yupo yule dada wa Kisomali nisiyemjua jina,
wanajua maji ya uvuguvugu na majani ya mkunazi,
wanajua kunyamaza.

Tukabaki. Siwezi kusema nilishinda.
Usiku Athumani hufungua ramani kwenye simu
akidhani nimelala.
Na Alhamisi iliyofuata, mbele ya lile pipa,
nikaona aibu:
nimechagua mahali pa kufia,
na ningali hai, nani ananijua?

Nikabisha hodi. Mnyororo haukufunguliwa.
Jicho moja, nusu ya sharubu, harufu ya vitunguu.
"Kuna tatizo?"
"Hapana," nikasema. "Naomba sukari."
Kabatini kwangu zilikuwamo kilo mbili, hazijaguswa.
Akanitazama mikono.
"Kikombe kiko wapi?"
Sikuwa nimekuja na kikombe.