Yakinyamaza Yameiva

Umeniweka mlangoni, Eluned,
kama mtoto aliyetumwa kukopa chumvi,
ukasema: Simama hapo, Menna. Na usiseme.
Nasimama.
Nje mvua ya Ffestiniog inaosha mapaa ya mawe
ambayo hayajakauka tangu Jumanne ya juzi.

Miaka thelathini na mmoja ulipikia shule,
kwa masufuria ya kuogeshea mtoto mzima,
viazi vya watu mia mbili, na hukuungua hata ukucha.
Kisha presha ya macho ikaja kwa kunyata,
ikaikunja dunia yako kuanzia pembeni
mpaka pakabaki tundu la sindano,
na tundu nalo likaziba.
Tangu hapo nani amekuachia maji ya moto?
Si mimi. Nakiri.
Miezi mitano nimekuja asubuhi na jioni
kukumiminia chai kama mgonjwa.
Wasema maji ya moto hayachomi nyumba.
Hayachomi nyumba, dada. Yanachoma mkono.

Leo mkono huo unatambaa juu ya kaunta,
unapita mkate, unapita redio,
unalikuta birika ubavuni.
Bombani huhitaji mstari wa kipimo:
unasikiliza maji yakipanda,
sauti nene kwanza, kisha nyembamba,
na uzito unaupima kwa kiwiko,
kama ulivyochota unga zamani kwa mkupuo mmoja
na mizani ya shule ikakubaliana nawe.

Birika linarudi kitakoni,
linazunguka, linatafuta, linaketi.
Juu ya swichi umebandika tone la gundi kavu,
kipele cha kusomwa na kidole.
Unabonyeza.
Taa ya buluu inawaka.
Nataka kukuambia imewaka.
Nameza.

Kile kidude cha watu wa halmashauri,
kinachoning'inizwa kikombeni kilie maji yakijaa,
umekitupa kwenye droo ya vijiko vibovu.
"Kinalia kama kifaranga kilichopotezwa na mama," ulisema.
"Mimi nina kidole."

Birika linaanza.
Mwanzo panya kwenye karatasi,
kisha upepo,
kisha lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza,
kabati linatetema, vikombe vinagongana meno,
nami, Mungu anisamehe, nimeshapiga hatua moja.

"Hizo kelele ni za maji mabichi,"
unasema bila kugeuka.
"Rudi mlangoni."

Na kweli, kabla ya mwisho lori linafika kileleni.
Ngurumo inashuka, inalainika,
inakuwa karibu si kitu.
"Umesikia? Yakinyamaza, yameiva."
Tak. Swichi inaruka.

Miaka sitini na minne nimechemsha maji
na hilo sijalisikia hata mara moja.
Nilikuwa natazama.

Kidole cha shahada kinajipinda ndani ya ukingo,
mdomo wa birika unagusa kaure, kengele ndogo,
unamimina juu ya kifuko cha majani.
Mvuke unapanda miwani ambayo bado unaivaa,
sijui kwa nini, sijawahi kuuliza.
Kidole kinaruka: kimejaa.
Lakini kijito kimeponyoka,
kinapita chini ya mkate, kinatafuta ukingo wa kaunta,
na chini yake zipo soksi zako za sufi.

"Kushoto," nasema.

Unasogea kushoto. Maji yanadondoka pale ulipokuwa.
"Nilikwambia usiseme."
"Najua."
"Neno moja," unasema. "Hilo nitalisamehe."

Kisha unanyoosha kikombe, si kwa ukuta,
si kwa jokofu, bali kwangu hasa,
mkono wa kikombe umeugeuzia upande wangu
na kiganja chako kimeshika penye moto.

Haina sukari.
Umesahau, au umenikomoa.
Nainywa yote, kimya,
na wewe umeinamisha kichwa
unanisikiliza nikinywa.