Asilimia Sitini na Mbili

Vua pete, namwambia. Vua hereni, na saa,
na kama una chuma chochote mwilini niambie sasa.
Bi Zdzisława anafikiri.
"Ncha ya sindano," anasema, "ilinivunjikia kidoleni
mwaka wa sabini na tisa, kiwandani.
Waliitoa. Nadhani waliitoa."

Tunapiga kwanza picha ya mkono.
Ni safi. Hakuna sindano.
Ananitazama kama mtu aliyeibiwa.

Nje ni Februari, theluji ya Łódź imekuwa rangi ya majivu.
Amekuja kwa tramu, amevaa kiatu kimoja cheusi
na kingine bluu iliyokoza.
Nimeona. Ameniona nikiona.
Tumenyamaza wote wawili.

Dawa ya kwanza aliimeza miezi mitano:
ilimkausha kinywa, ikamwacha palepale.
Ya pili ilimpa usingizi usio na mapumziko.
Ndivyo tunavyotibu sonona, hukiri Daktari Świątek
jioni, akiwa amechoka: unajaribu ufunguo,
unangoja wiki nane, ukigoma unachukua mwingine,
na muda wote huo mtu yumo ndani, gizani,
anasikiliza vyuma vikikwaruza tundu la kitasa.

Ndiyo maana ya mashine hii.
Kabla ya kidonge tunasaka dalili:
kipande cha ubongo kisichozidi kidole gumba,
nyuma ya paji la uso, jinsi kinavyowaka
mgonjwa akioneshwa nyuso za watu wenye huzuni.
Kikiwaka hivi, labda dawa hii.
Kikiwaka vile, labda ile.
Labda.
Neno dogo hilo tumelinunulia mtambo wa tani sita.

Analala chali. Namsukuma ndani kama mkate tanurini.
Nimempa kitufe cha kubonyeza akishindwa;
watu wazima wamewahi kulia humo,
mwanajeshi mmoja aliniomba nimsomee
majina ya vituo vya treni, mpaka mwisho wa reli.
Kisha kelele: ta-ta-ta-ta, ngo, ngo, ta-ta-ta-ta.

Yeye habonyezi.
Kwenye skrini ubongo wake unajifunua, tabaka kwa tabaka,
wa kijivu, mtulivu, kama kabichi iliyopasuliwa.
Nimeshaona bongo elfu moja na ushei
na sijaona huzuni hata moja.
Naona damu tu, ikienda ilikoitwa.

Namtoa. Machozi yamemteremkia masikioni.
"Umeumia?"
"Hapana. Ni ile mitambo," anasema.
"Tulikuwa wanawake mia mbili ukumbi mmoja,
tukisomana midomo, maana sikio halikufaa kitu.
Genowefa alinisimulia ndoa yake yote bila sauti.
Kiwanda kilipofungwa, kimya kile ndicho kilichonifuata nyumbani.
Mle ndani nilikuwa nafuma, binti yangu.
Nimemaliza kama mita nne."

Jibu lilitoka Alhamisi. Dawa ya tatu:
uwezekano wa kupata nafuu, asilimia sitini na mbili.
Daktari Świątek alimsomea polepole, kama anayehesabu chenji.
Bi Zdzisława akauliza
hao thelathini na wanane waliobaki ni akina nani,
wanakaa wapi,
na kama yeye ni mmoja wao,
nani atakwenda kumwambia.

Daktari alivua miwani, akaifuta.
Ilikuwa safi.

Wiki ya tisa amerudi kwa picha ya pili.
Namtafuta usoni, sipati kitu cha kuapia.
Namtazama miguuni: cheusi, bluu.
Moyo unanishuka.
Naye ananyoosha mguu mmoja, kisha wa pili,
polepole, kama mwenye duka la viatu.
"Usishangae," anasema,
"nyumbani nina jozi nyingine kama hii hii."

Mzaha mkuukuu kuliko kiwanda.
Natafuta kwenye fomu mahali pa kuuandika.
Kuna nafasi ya uzito, ya dozi, ya tarehe.
Kompyuta bado haijajua lolote.
Naandika: hakuna chuma.

Vua pete, namwambia.