Vumbi la Adam

Tulikwenda watu tisa kuliangalia jina lako, Muhanna.
Tuliteremka Maabela na bakuli la halua ndani ya mkoba wa Shinuna,
maana sinema, kwa Shinuna, ni ugeni kama ugeni mwingine,
na mtu hendi ugenini mikono mitupu.

Kiyoyozi kilituuma. Bisi zilikuwa na chumvi ya kukaushia papa.
Halafu taa zikazima, na sayari ikapasuka.

Nitasema haki: ilipasuka vizuri.
Sijapata kuona kitu kikifa kwa uzuri ule.
Bahari ilisimama wima kama shuka kambani,
miji ikapeperuka ghorofa baada ya ghorofa,
kila dirisha na taa yake,
na mtoto wa Nasor, aliyekuwa akilia tangu mlangoni,
akanyamaza, kidole kinywani.

Kisha wakaanza kusema.

Ah, Muhanna.
Rubani alimuaga mkewe kwa maneno matatu;
mtu anayekwenda dukani kununua mkate huaga kwa zaidi.
Adui alisafiri miaka elfu ya mwanga
kuja kutwambia kwamba yeye ni mbaya.
Wakafa watu milioni, hakuna aliyetandikiwa mkeka wa matanga.
Nikawa nabashiri: huyu atakufa, huyu atarudi,
na wakafa, na wakarudi, kama niliowapangia mimi.
Shinuna akaninong'oneza, "Hivi mama yake huyu yuko wapi?"
Nikamwambia labda fedha za mama hazikutosha.
"Zote zimeishia kwenye moto?"
Zote.

Mdogo wako Azzan anasema nimezeeka:
"Shangazi, nani anakwenda sinema kusikiliza?"
Labda. Mimi nimelelewa na redio ya betri nne,
nikaogopa mpaka asubuhi mlango uliolia hewani,
mlango ambao hakuna fundi aliyeuchonga.
Lakini nilijua nani yuko nyuma yake.

Basi nilikuwa nimeshafumba macho
lilipokuja lile vumbi.

Halikunguruma. Chombo kiliondoka,
nalo likabaki limening'inia, jekundu kidogo, manjano kidogo,
likageuka kushoto kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
na mimi nikakaa sawa kitini.
Vumbi lile nalijua.
Ni la Adam. Si Adam baba wa watu, Adam kwetu,
barabara ya changarawe nyuma ya mitende ya babu yako,
siku gari jeupe lilipomchukua baba yako kumpeleka Nizwa
nawe, wa miaka sita, ukasimama na kiatu kimoja
ukingoja vumbi litue ndipo uingie ndani.

Tulikuita ule. Tulikuita mara nyingi.

Miezi saba uko Dubai mbele ya kompyuta.
"Nafanya vumbi tu, shangazi," ulinambia kwa simu,
nami nikacheka, nikakuuliza kama unakula.
Sasa Shinuna kanishika mkono, kucha zimezama.
Nyuma yetu watu walikuwa wakitafuna.
Sekunde nne, tano.
Kisha rubani akarudi na neno lake la kijinga.

Mwisho majina yalipanda kama siafu.
Mfagizi alisimama na ufagio, akitungoja kwa adabu,
na sisi tisa tumesimama, shingo juu,
mpaka ukapita, katikati ya watu mia nane,
bila bin, bila jina la baba yako.
Shinuna akapiga kigelegele.
Halua akampa mfagizi.

Sasa ni saa sita usiku, na unaniuliza: *Mmeionaje??*
Nimeandika, *Picha nzuri sana.* Si uongo. Nimefuta.
Nimeandika, *Mwanangu, haina kisa.* Si uongo vilevile. Nimefuta.
Nimeandika, *Lile gari lilikuwa jeupe. Unakumbuka?*
Nikaituma kabla sijapata akili.

Naona unaandika.
Vidoti vitatu vinacheza, vinakoma,
vinacheza.