Kaniki

Ulifika ndani ya kikapu cha machungwa ya Muheza,
umefunikwa gazeti, unanuka maganda,
ukapiga chafya tatu juu ya mapaja yangu
kabla sijajua wewe ni dume au jike.
Mweusi ti. Nikasema, huyu ni Kaniki,
na jina likaingia kama kifungo kwenye tundu lake.

Mbaruku alitaka kukushika palepale.
Ana miaka saba, mikono yake haijui kungoja.
Nikamwambia, kaa chini, baba, ikalie hiyo mikono.
Kwako wewe hii ni vyumba viwili na ukumbi;
kwake ni nchi nzima, na mama hayumo.

Tukakupa kona moja tu kwanza,
nyuma ya cherehani, mbali na mlango
unaotazama Barabara ya Kumi na Moja,
maana baiskeli za Ngamiani hazimpigii paka kengele.
Boksi la vitenge, karai la mchanga,
na kipande cha kanga uliyozaliwa juu yake.
Kimechanika katikati ya maneno,
kimebaki nusu:
MWENYEJI APONE.

Kisha nikafagia.
Miaka thelathini ya ufundi sijafagia vile,
nimepiga magoti, shavu karibu na sakafu,
natafuta nyuzi. Uzi ukimezwa
hushona utumbo kutoka ndani.
Sindano nikazihesabu: kumi na nne.
Ya kumi na tano ilikaa kimya
mpaka iliponichoma goti.
Pipa nikalifunika. Mbuzi ya nazi
nikaitundika, meno yameelekea ukutani.

Mama Shekue akaleta kikombe cha maziwa,
akasema, paka na maziwa tena, jirani, nani asiyejua?
Nikashukuru. Alipoondoka
nikayachemsha na tangawizi, nikanywa mwenyewe.
Wewe nikakupa maji kwenye kisahani cha bati,
na dagaa waliochemshwa bila chumvi,
nimewasaga kwa vidole.
Hukula. Ulitutazama kutoka gizani,
macho mawili kama shanga zilizodondoka.

Usiku ukalia.
Si kwa nguvu. Kama bawaba isiyotiwa mafuta
katika nyumba ambayo hakuna anayeingia.
Nilikuita, ukanyamaza, ikawa vibaya zaidi.
Saa nane nikaamka, nikachomoa sindano, nikatoa uzi,
nikakaa kwenye cherehani gizani
nikakanyaga polepole.
Nikashona hewa.
Grrr, grrr, kifua cha chuma,
sauti ambayo labda uliijua
kabla hujafumbua macho.

Sijui nilishona hewa yadi ngapi.
Ghafla kitu chepesi kikagusa kisigino,
nikasimamisha mguu juu juu
kama aliyekanyaga mwiba,
nikabaki hivyo, ganzi inapanda,
mpaka ulipojikunja kwenye kandambili yangu
ukaanza kukoroma mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikanyagi kabla sijainama kutazama.
Gauni la bibi harusi wa Chumbageni limechelewa siku mbili.
Mama yake amekuja, amefoka,
amekuona, ameinua buibui akachuchumaa,
amesahau alichokuwa akifokea.

Siku ya tatu, wageni wengine hupewa jembe.
Wewe ulijipa kazi mwenyewe:
kuua mkia wa futi yangu ya kupimia,
inchi hamsini na tano hadi sitini
sasa hazisomeki.

Na leo, Jumapili, baada ya adhuhuri,
naita chakula kimeiva, samaki wa kupaka huyo, njoo,
kimya. Naita tena.
Nachungulia: Mbaruku amelala chali mkekani,
mikono ameikalia,
na wewe juu ya tumbo lake unapanda, unashuka,
kipande cha kanga umekivuta hadi hapo kwa meno.

“Bibi,” ananong’ona, jasho linamtoka puani,
“mkojo umenibana.
Lakini amelala.”