Jembe la Siku ya Tatu

Treni ya kutoka Kigoma ilichelewa saa saba,
kwa hiyo wifi yangu Zabibu alibisha hodi
mbwa wa Isevya wote wamekwisha choka kubweka.
Ndoo ya mawese, mdomo umefungwa kwa kipande cha khanga.
Migebuka mikavu ndani ya gazeti,
gazeti limekunywa mafuta mpaka habari hazisomeki.
Na jogoo, kafungwa miguu, akitutazama
kama aliyelipa nauli.

Watoto tukawanyanyua usingizini,
Mrisho mzito kama gunia, Kalunde kama nguo mbichi,
tukawalaza mkekani sebuleni.
Kitanda chao kikapata mwenyewe.
Na mdogo, anayenyonya bado,
asubuhi akafungwa kwenye mgongo usio wangu
na hakulia.
Nililiona hilo.

Siku ya kwanza alifagia uani kabla sijaamka.
Nikashukuru, shukrani yenye mwiba wa samaki ndani.
Siku ya pili alichungulia kopo la sukari,
akampima Mrisho kwa macho, akasema,
"Hamduni alipokuwa wa umri huu alikuwa na mashavu."
Akaosha mchele wangu mara nne.
Mimi huosha mara mbili.
Mara mbili zinatosha.

Usiku nikanong'ona:
"Baba Mrisho, luku imebaki uniti tatu
na dada yako anapiga pasi mpaka vitambaa vya makochi.
Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe."
Akacheka puani, akageuka, akalala.

Nyumba yetu haina dari.
Neno hupanda ukuta kama mjusi
likateremkia upande wa pili,
penye mkeka, penye masikio ya miaka minne.

Asubuhi, chai imeshamiminwa,
tukasikia chuma kinakwaruza saruji,
krrr, krrr.
Kalunde, gauni la kulalia nyuma mbele,
analiburuta jembe lililomzidi kimo.
Akaliegesha kwenye goti la shangazi yake.
"Mama kasema leo ndiyo siku ya tatu."

Mrisho akazama kikombeni.
Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba baiskeli ina pancha.
Mimi nilikuwa nimeshika mwiko
na hapakuwa na sufuria.

Zabibu akaupima mpini, akaugonga sakafuni mara moja.
"Limelegea," akasema. "Nileteeni kabari."

Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotuama,
mahali nilipopaita matope kwa miaka sita,
akainua matuta matatu,
Kalunde nyuma yake na kumbatio la mbegu,
vikonyo vya matembele alivyoviomba mwenyewe kwa jirani
ambaye mimi nilikuwa sisemi naye tangu Ramadhani.

Kutwa nzima hakunitupia neno.
Jioni, akisugua visigino kwa jiwe,
"Wifi," akaniuliza, "na siku ya treni uliihesabu?"
Kicheko kikanitoka kabla ya aibu.
Naye akaachia chake, kikubwa, cha Ujiji,
mpaka mtoto mgongoni akaamka.
Radhi sikuomba.
Niliingia jikoni nikaosha mchele
mara tatu.

Alikaa siku ishirini na mbili.
Tulimsindikiza stesheni na kidumu cha asali ya Sikonge
na jogoo yuleyule, maana hakuna aliyethubutu kumchinja.

Sasa mawese yamefika chini,
nafuta ndoo kwa tonge la ugali.
Matembele yamefunika njia ya bafu,
jirani anakuja kuchuma bila hodi.
Na usiku, honi ya treni ikilia,
Kalunde hushuka kitandani gizani,
krrr, krrr,
anaegesha jembe mlangoni.
La nini tena, mama?
"Shangazi akija asilitafute."