Kivuli cha Kulipia

Shufaa ameniletea picha mbili kwenye simu.
"Mama, chagua. Agosti twende wapi,
Rimini au Amalfi?"
Kama mtu aniulizaye chai ya rangi au ya maziwa.

Niko Kibokoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
Magoti yangu yana miaka sitini na minne,
mimi mwenyewe nina pungufu kidogo.

Amalfi nzuri, sikatai.
Nyumba zimepandana mabegani
kama watoto wanaochungulia harusi,
malimau makubwa kama ngumi ya mwanamume,
na bahari iko chini kabisa, buluu ya wino.
Lakini nilizihesabu ngazi, nikafika mia na kumi na saba
picha ikanikatikia.
"Nikishashuka, nani atanipandisha?"
"Davide," anasema.
Davide mwenyewe mwembamba kama ufito wa mwavuli.

Rimini ni tambarare.
Mchanga umechanwa kwa reki, miavuli safu safu
kama waumini asubuhi ya Idi,
kila mmoja na nambari yake.
Nadhir, mjukuu wa jirani, akatusomea bei:
mwavuli mmoja, vitanda viwili, kutwa, yuro thelathini.
Akazigeuza shilingi.
Bi Thureya akaweka kikombe chini.
"Walipia kivuli?
Kwani jua lao wamelinunua kwa nani?"

Tulicheka hata kikohozi kikamshika.
Pale Lighthouse kivuli ni bure,
ulipalo ni muhogo, na ndimu na pilipili juu,
nayo bahari hukupwa ikaenda zake
ikarudi itakapo.
Ya kwao, nasikia, haiendi mbali,
yakaa pale pale kutwa kama mgeni asiyejua kuaga.

Jambo moja sikumwambia Bi Thureya,
ingawa alijua nilikuwa nikienda kazini.
Miaka ishirini na miwili nilikunja taulo
za hoteli moja Nyali, chumba cha nyuma,
mashine tatu, feni moja mbovu.
Taulo za mistari, buluu na nyeupe, za Wataliano,
mchanga ukinimwagikia vidoleni.
Nilimjua mgeni kwa taulo yake:
huyu avuta, huyu ajipaka mafuta ya nazi,
huyu usiku alilia.
Vitanda vya ufukweni nilivitandika, sikuvilalia.
Mara moja tu, mwezi wa mvua, hoteli tupu,
nilikaa upande, nusu tako.
Askari akaniita kwa jina langu kamili.

Usiku Shufaa akapiga tena.
Nikauliza, ili tu maneno yapate pa kupita,
"Huko Rimini, taulo hukunjwa na nani?"
Akanyamaza. Nilisikia bomba la jikoni kwake likidondoka.
"Mwaka wa kwanza, Mama,
kabla ya Davide, ulipokuwa ukidhani nasoma kiangazi chote,
ilikuwa mimi.
Safu ya sita hadi ya kumi na nne."

Sikumkemea. Ningeanzia wapi?
"Ulikunja mara tatu au mara nne?"
"Mara tatu. Kama wewe."

Basi mwanangu, andika Rimini.
Amalfi nimeshaiona, ngazi zake wabaki nazo wenye magoti.
Visa yenyewe bado, Nairobi wataka barua ya benki
na barua ya kuthibitisha ile barua,
lakini wewe andika.
Lipa hicho kivuli.
Nambari yoyote, safu ya sita hadi ya kumi na nne.
Vitanda viwili, changu na chako,
Davide akae mchangani, bado kijana.
Nitalala na buibui langu, chali, wanitazame wachoke.

Jioni akija msichana wa taulo
sijui nitamwachia yangu ovyo, kama wageni,
au mkono utaikunja kabla sijauona.
Hebu niulizie jambo moja kabla hujalipa:
kile chumba chao cha nyuma,
siku hizi kina feni?